Muulize Yaya: Unga, udongo na ukuta ya mwenye nyumba

Mwezi uliopita niliuliza swali moja tu hapa: mvua ikinyesha tangu asubuhi na mlango umefungwa, watoto wenu wanafanya nini mu nyumba? Nilingojea barua tatu, ine. Zimefika nyingi mpaka binti yangu akaniuliza kama nimefungua posta. Karibu zote zinalia kilio kimoja, kwa hiyo nimechagua sita, zote za komini za huku Lubumbashi.

*Yaya, jambo yako. Niko na batoto batatu, wa kwanza iko na miaka sita, wa pili ine, wa mwisho mbili. Tunaikala mu vyumba mbili, na mwenye nyumba anaikala mu parsele moja na sisi. Mvua ikianza njo vita, banapanda juu ya fotei, banagombana, mi nawapa telefone ili nipike. Juma iliyopita bametoa makala (makaa) pembeni ya mbabula (jiko la makaa) bakachora ukuta yote ya saloni. Mwenye nyumba ameona, anasema nitalipa rangi. Nimewapiga. Usiku nikawaza, pengine nilikosea. Bintu ya kuchezea ya mu magazini ni bei, niwape nini?*
Mama wa batatu, Katuba

Mama, pole ya ukuta, na pole zaidi ya mwenye nyumba. Kabla ya kununua rangi jaribu hivi: usianze na maji, maji yanasambaza makala mpaka ukuta wote unakuwa kijivu. Chukua kitambaa kikavu ama sponji kavu, pangusa polepole toka juu kwenda chini, makala mengi yatadondoka yenyewe, halafu ndiyo maji ya sabuni kidogo. Ukuta wa rangi ya mafuta unatakata wote. Kama ni chokaa tu basi pitisha chokaa tena pale pale, hakuna haja ya kumlipa mtu rangi ya saloni nzima.

Sasa tusemezane. Wale watoto hawakukuchokoza. Waliona kalamu nyeusi safi, wakaona karatasi kubwa, ni wewe tu ulikuwa unaiita ile karatasi ukuta. Makala ni kalamu nzuri kabisa, watu wenye kusomea kuchora wanayanunua. Kwa hiyo wape ukuta wao: nenda kwa mtu wa depo ama anayeuza frigo, omba kartoni kubwa, ifungue, ibandike chini kabisa kwenye urefu wa mtoto wa miaka 2, na uwaambie hapa ni kwenu, pale ni kwa mwenye nyumba. Mara ya kwanza watajaribu kutoka nje ya kartoni, utawarudisha bila makelele, mara ya tatu wenyewe watakuwa wanachunga mpaka kuliko polisi. Upande mmoja ukijaa geuza. Kitu kimoja tu, usichukue karatasi ya mfuko wa saruji hata ukiikung'uta, ile vumbi inaunguza ngozi na macho.

Telefone sitakugombeza, mi pia nimepika na telefone ikilea watoto. Ila ujue OMS, shirika la afya duniani, mu 2019 ilisema mtoto asiyefika miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Huyo wako wa mwisho iko pale pale mpakani.

Badala ya telefone wape unga wa kufinyanga, na utaupika wewe mwenyewe juu ya mbabula, kwenye baraza, si ndani. Hii naisema kwa sauti juu najua mvua ikinyesha watu wanaingiza mbabula mu nyumba na kufunga mlango: moshi wa makala wenye kuua hauonekani na haunuki, watu wanalala hawaamki. Kwa hiyo baraza. Chukua kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe ya chumvi, kikombe 1 cha maji, kijiko 1 kikubwa cha mafuta na maji ya nusu limau. Changanya vyote mu sufuria ingali baridi mpaka mabonge yaishe, halafu weka kwa moto mdogo na songa. Kama unajua kusonga bukari unajua kazi hii, ni ile ile, itakuwa uji, halafu itakazana, halafu itaachana na sufuria na kufuata mwiko. Toa, ngoja ipoe, finyanga kwa mkono dakika chache. Ukitumia mawese badala ya mafuta meupe inatoka rangi ya chungwa nzuri sana (na nguo pia zinatoka rangi ya chungwa, valisha zile za zamani). Majani ya lengalenga (mchicha) ukiyaponda na kuyakamua yanatoa kijani, manjano ya sokoni yanatoa manjano, makala ya unga yanatoa nyeusi. Ifunge mu sashe (mfuko wa plastiki) isiingie hewa, itakaa wiki mbili hivi, ikinuka ama ikitoa madoa tupa.

Chumvi ile ni nyingi, si ya kula. Watoto wengi wakionja wanatema na hawarudii, lakini huyo wa miaka 2 kaa naye karibu.

Kuhusu kuwapiga, umeuliza mwenyewe na umejijibu mwenyewe usiku. Nenda uwaombe wakuonyeshe walichokuwa wanachora. Unaweza kukuta ni wewe.

*Mwanangu, mi ni mtu mzima. Binti yangu anatoa unga, unga ya kula, anawapa bajukuu bachezee, anasema ameona ku telefone. Sisi tulikomea na njala tukijua bei ya unga. Hii ni adabu kweli?*
Nkambo, Kamalondo

Nkambo, shikamoo yangu ipokee. Umenishika pabaya, barua ya juu nimetoka kutoa recipe ya unga, na sasa nasoma yako.

Nakupa haki yako: nyumba ambapo unga unapimwa kwa kikombe asubuhi na jioni, mtoto asichezee unga mbele ya mwenzake mwenye njaa, hiyo si mchezo tena. Ndiyo maana mi nafanya ule unga mara moja kwa mwezi, na mara nyingi natumia unga ulioingia wadudu. Lakini nafikiri jibu uko nalo wewe kuliko binti yako na kuliko mimi. Ulichezea nini? Udongo. Na udongo gani? Wa kichuguu, sivyo? Huku kwetu Katanga vichuguu vinapanda mpaka vinashinda nyumba, watu wanavibomoa wanafyatua matofali, na yale mabonge yanayobaki chini ni ya bure. Mchwa wamekwisha kuchagua ule udongo punje kwa punje, ndiyo maana unashikana vizuri kuliko wa bustanini.

Naomba uwafundishe wewe. Kwa wasomaji wengine ambao hawana nkambo karibu: ponda mabonge, chekecha toa mawe na mizizi, loweka usiku mzima, asubuhi mwaga maji ya juu, finyanga kama mkate mpaka ukiukunja haupasuki. Ukiona bado unapasuka ongeza maji kidogo na uendelee kufinyanga; kama vyombo vinapasuka wakati wa kukauka, ndiyo uongeze mchanga laini kidogo. Vyombo visizidi unene wa kidole gumba, ng'ombe mnene atakatika tumbo akikauka, na kukausha ni kivulini siku kadhaa, si juani. Watoto wote wanataka kuweka juani, juu wana haraka, na wote wanalia kesho yake. Mwachie alie mara moja, mara ya pili atauweka kivulini mwenyewe.

Ila kuna jambo moja ambalo wakati wako halikusemwa, Nkambo. Mu 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha kazi yao, walipima mkojo wa watu wa huku wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini, wakakuta kobalti nyingi sana, na kwa watoto ilizidi. Mtoto anakula vumbi bila kujua, mkono unaenda chini, unaenda mdomoni. Kwa hiyo udongo usitoke karibu na kiwanda, wala pembeni ya barabara ya malori ya madini, wala pale watu wanaposafishia mawe. Tafuta kichuguu cha mbali, na mikono ioshwe na sabuni kabla ya kula, kucha pia.

*Yaya, mi ni papa. Kijana wangu wa miaka mitano anashona nguo za poupée (mwanasesere), tena anapenda kabisa. Dada yake wa saba njo anatengeneza mutuka ya fil de fer (waya) na batoto banaume ya avenue. Barafiki bananicheka. Nifanye nini?*
Papa mwenye wasiwasi, Kampemba

Papa, ile vesti unayovaa Jumapili, nani alikushonea? Mwanaume mwenye cherehani pembeni ya soko. Basi.

Umpe sindano kubwa yenye ncha butu, na umtobolee matundu kwenye kipande cha kartoni apitishe kamba ya kiatu, hapo mkono unajifunza njia. Akizoea aende kwenye kitambaa. Mafundi wanatupa vipande vya kikwembe kila jioni, pita ukiomba watakujazia sashe. Na kama ni msimu wa maembe, kokwa likikaushwa na kuchanwa na kitana kizee linatoa nywele nzuri za poupée, hata mi nimeshangaa.

Na huyo dada, mwambie akunje ncha zote za waya ziingie ndani, jicho moja halinunuliwi. Waya wa shaba wenye plastiki asiuchome moto ili autoe ngozi kama wanavyofanya wale vijana wanaouza shaba, ule moshi ni sumu. Magurudumu ni vifuniko vya chupa ama vipande vya ndara zilizokufa. Mi nilitamani sana kutengeneza ile motoka wakati wangu na nilikatazwa, kwa hiyo labda sijibu bila upendeleo hapa.

*Yaya, mwana wangu iko na miaka ine na nusu. Anachora mtu: kichwa kubwa, miguu inatoka mu kichwa, mikono inatoka mu masikio. Metrese wake anasema iko nyuma. Binamu yake wa miaka sita anaandika jina. Mi namuchorea mfano muzuri, namuambia akopi, anajaribu mara moja, anaona haifanane, anatupa kreyo analia. Sasa hata kuchora hataki tena. Na brosi na rangi hatuna, pengine njo sababu?*
Mama, Ruashi

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza kichwa chenye miguu. Si ugonjwa. Watoto wa dunia nzima wanapita pale. Mtoto wa mwaka moja na nusu anakwaruza tu, mkono unafurahia kutembea. Kwenye miaka 3 hivi duara linafunga. Halafu siku moja lile duara linapata macho na miguu, na huyo ndiyo mtu, na anaweza kukaa hivyo mpaka miaka 5 kabla ya kupata tumbo. Msalaba unakuja karibu na miaka 4, mraba baadaye kidogo, pembe tatu kwenye 5. Wako iko pale pale anapotakiwa kuwa. Binamu yake amemzidi mwaka na nusu, mu umri huo ni kama wewe na mimi tuzidiane miaka kumi na tano. Metrese mwenye watoto hamsini mu klasi moja simlaumu sana, ila hapo amekosea.

Sasa sehemu ngumu, na naisema juu nilifanya kosa hilo hilo. Binti yangu alikuwa ananiletea karatasi, mama nichoree ndege, mi nachora, mi nachora vizuri. Alikuwa na miaka 4. Akiona ndege yangu halafu anaona yake, anaficha yake. Nikawa naongeza bidii, nachora zaidi, nafikiri namsaidia. Alikuja kurudia kuchora akiwa na 8, na si kwa ajili yangu. Yani ule mfano wako mzuri ndiyo unaomliza, Mama. Si brosi.

Acha kuchora. Hata akikuomba. Akisema nichoree mbwa muulize mbwa iko na nini, iko na miguu ngapi, masikio yamesimama ama yamelala, na umwache. Akichora mikono mu masikio usirekebishe. Usiulize "hii ni nini" kwa sauti ya polisi, sema "nielezee". Na ukikuta ameacha bila kumaliza usimmalizie, mi hata rangi kwenye pembe iliyobaki siongezi tena siku hizi, nakaa juu ya mikono yangu, kweli nakaa juu yake.

Brosi hamna, vizuri. Ngoja nikuambie hadithi ya hapa hapa kwetu. Mu 1946, mji wetu wa Lubumbashi ungali unaitwa Élisabethville, Mfaransa moja anaitwa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie ya kuchora. Alikuja na mawazo yake mengine ya wakati ule, siwezi kuyabeba yote, lakini jambo moja alilifanya vizuri: hakuwawekea wachoraji mifano ya Ulaya wakopi. Aliwaacha watafute ndani yao. Na mu kile chumba kimoja wakatoka watu watatu ambao hawafanani kabisa. Pilipili Mulongoy, samaki na ndege na majani. Mwenze Kibwanga, vistari vifupi vifupi vimebanana kama mkeka. Na Bela, aliyetokea Chad, yeye alipaka na vidole, kidole ndiyo brosi yake, alama moja moja mpaka picha inajaa, na kazi zao zikavuka bahari. Fikiria kama mtu angemwambia Bela, hapana, shika brosi, fanya kama mwenzako.

Kwa hiyo mpe vidole. Rangi utapika: vijiko 2 vya unga wa mihogo mu maji baridi kidogo, koroga, mimina maji ya moto ukiendelea kukoroga mpaka iwe nzito kama kole (gundi), ipoe. Gawanya mu vikopo. Kimoja tia udongo mwekundu uliochekechwa mara mbili na kitambaa (wa mahali safi, soma jibu la Nkambo juu), kingine makala yaliyosagwa, kingine pemba (ule udongo mweupe) ya sokoni, kingine manjano. Hizo rangi ine zinatosha mtu mzima mwaka mzima. Tandika sashe kubwa chini, mvue shati, halafu Mama, ondoka hatua tatu. Siku mbili tatu pengine hatagusa, ataangalia tu. Usimsukume. Paka wewe mkono wako tu na kuubandika kwenye kartoni, bila kuchora kitu, uende zako kuosha vyombo.

*Yaya mi niko na mudogo wa miezi 18, kila kitu mudomo. Tunafanya kazi na maharagi na vifungo na ba yaya yake, yeye anameza. Tunamuweka wapi?*
Mama, komini ya Kenya

Kitu chochote kinachopita mu kile kirolo cha kartoni cha papier hygiénique (karatasi ya choo) kinaweza kumziba koo, pima nacho. Maharagi, vifungo, karanga, vifuniko vya chupa ndogo, vyote vikae juu ya meza wanapofanyia wakubwa, na wavihesabu wakimaliza. Betri zile ndogo bapa kama kifungo ndizo mbaya zaidi, zinaunguza koo kwa muda mfupi, akimeza kimbia hospitali usingojee. Baluni zilizopasuka pia.

Yeye mpe chupa ya plastiki yenye mchele ndani, kifuniko kimefungwa na kole na skochi juu yake, atatikisa siku nzima mpaka utajuta. Ama beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili, akimimina huku na huku, lakini hapo unakaa wewe, haukimbii hata kugeuza chapati, mtoto wa umri huo anazama mu maji ya kufika kifundo cha mkono.

*Yaya, hawa wetu wa miaka saba na tisa banasema hizi kazi ni za batoto. Banataka kitu ya kweli. Tena hawajue kitu juu ya familia, baba yao ni Muluba, tulikuja huku zamani, kule kijijini hawajafika.*
Mama, Annexe

Hii barua imenifurahisha, juu jibu linatoka kwenu wenyewe. Waluba wako na lukasa. Ni ubao wa mti wa kushika mu mkono, umejaa ushanga na makombe na alama zilizochongwa, na watu wa Mbudye ambao kazi yao ilikuwa kushika historia ya ufalme walikuwa wanapitisha kidole juu yake na kusimulia: huyu mfalme, hii safari, hapa mahali. Si picha na si maandishi. Ushanga mmoja unabeba hadithi nzima, mtu aliyefundishwa ndiye anayeisoma.

Ile ya kweli tusiichezee, iko na wenyewe. Ila wazo lake mtoto wa miaka 7 analielewa mara moja. Kata kartoni ngumu, bandika mbili ama tatu pamoja na kole ya unga wa mihogo, weka jiwe juu zikauke bapa. Halafu kila mtoto atafute vitu: ushanga uliokatika, kifungo, mbegu, kijiwe, kipande cha waya. Papa akae nao jioni asimulie. Siku mlipohama, kifungo cha buluu. Nkambo aliyefariki, mbegu kubwa. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, njia kati yao ni uzi. Mambo asiyoyajua apige telefone kijijini aulize, na telefone hapo imepata kazi ya maana. Wanabandika, na wiki ijayo wanasoma kwa kidole mbele ya wageni bila karatasi. Mabishano ni mengi, jiandae, kila mmoja anataka yeye ndiyo ushanga mkubwa.

Yetu tuliifanya miaka mitatu iliyopita, bado inaning'inia juu ya frigo. Kuna mfupa mdogo wa kuku umebandikwa pembeni kabisa, sisi wote tumesahau ulikuwa unasema nini. Mdogo wao ndiye aliuweka. Anasema anakumbuka, ila mpaka leo amekataa kutuambia.